Mwanachuo na klabu ya michezo mjini Tanga: mwongozo kamili wa kujiunga

Mwanachuo anayefika Tanga na viatu vya njumu ndani ya begi hapati taabu ya kutafuta mahali pa kuchezea, kwa sababu ikishafika saa kumi jioni viwanja vya mitaani huwa na watu, na mgeni anayesimama pembeni kwa heshima hachelewi kuulizwa anacheza namba ngapi. Taabu yake huja baadaye, anapogundua kwamba klabu aliyoingia hufanya mazoezi saa ambazo yeye yuko darasani, au kwamba saini aliyoiweka kwa haraka inamzuia kucheza kwingine. Nimekuwa mchezaji, kisha katibu wa klabu ya mtaani katika mji huu, na wanachuo wengi niliowaona wakipotea kiwanjani hawakupotea kwa kukosa kipaji bali kwa ratiba na kwa karatasi. Kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye mambo hayo mawili, na mengine nitayapitia kwa kadiri yanavyohitaji.

Hatua ya kwanza: jua unaingia kama nani

Neno "kujiunga" lina maana zaidi ya moja, na watu wa mpira wa Tanga huzitofautisha vizuri. Klabu kongwe za mji, Coastal Union iliyoanzishwa mwaka 1948 na kutwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1988, pamoja na African Sports, ni klabu za wanachama. Mwanachama wa klabu ya namna hiyo hulipa ada, huwa na kadi na huhudhuria mkutano mkuu, hata kama hajawahi kupiga danadana maishani mwake. Mchezaji ni mtu mwingine kabisa, ambaye anaweza kuvaa jezi bila kuwa na kura. Shabiki naye ni wa tatu, ingawa siku ya mechi katika uwanja wa Mkwakwani huenda akawa na sauti kuliko hao wawili. Unapomwendea katibu wa klabu yoyote, hata ndogo ya mtaani, sema tangu mwanzo unataka lipi, kwa kuwa wapo waliolipa kiingilio cha uanachama wakidhani wamenunua nafasi kikosini.

Kisha jitazame wewe mwenyewe. Wanachuo ninaokutana nao Tanga kwa kawaida ni wa aina tatu. Wa kwanza ni anayesoma Chuo Kikuu Huria kupitia kituo chake cha mkoa. Huyu hana mabweni wala kiwanja cha chuo cha kukutana na wenzake kila jioni, hivyo nyumba yake ya michezo itakuwa klabu ya mtaa anaoishi. Wa pili anasoma katika chuo kilichopo mjini, ambako serikali ya wanafunzi huwa na mtu anayesimamia michezo; huyu aanzie kwa mshauri wa wanafunzi, aulize timu zilizopo na siku zake. Wa tatu ni yule anayesoma Dar es Salaam, Dodoma, Morogoro au kwingineko, na yuko Tanga kwa likizo au kwa mafunzo kwa vitendo. Huyu wa tatu ndiye ninayemhurumia zaidi, maana hupokewa kwa shangwe na husajiliwa kwa haraka, wakati kitu anachohitaji ni mazoezi ya miezi miwili tu. Kama wewe ni wa aina hiyo, jitambulishe kuwa mgeni wa mazoezi na ubaki hivyo hadi utakapoondoka.

Hatua ya pili: ratiba kabla ya mchezo

Watu wengi huchagua mchezo kwanza, halafu hutafuta muda wake. Mimi nashauri kinyume chake. Chukua karatasi, chora siku saba, jaza vipindi vyote pamoja na semina na maabara, kisha weka muda wa safari, muda wa ibada, muda wa kupika kama unajipikia, na saa za kujisomea ambazo unazitumia kweli, si zile unazozitamani. Kinachobaki ndicho cha michezo.

Hapo jua la Tanga litakupa hesabu usiyoweza kubishana nayo. Jua huzama hapa kati ya saa 12 na robo na saa 12 na dakika 50 hivi jioni, kutegemea mwezi, na viwanja vingi vya mitaa havina taa. Kipindi chako kikiisha saa 11 kamili, na ukahitaji dakika 20 kufika kiwanjani na nyingine 10 kubadili nguo na kupasha mwili, utaanza saa 11 na nusu. Mwezi Novemba hiyo inakuachia dakika 45 au 50 za mwanga, na klabu nyingi za mpira wa miguu huwa zimeanza tangu saa 10. Adhana ya magharibi ndiyo filimbi ya mwisho, na hakuna mwalimu wa timu anayeongeza dakika baada yake. Mchezaji anayefika kila siku wakati wenzake wamekwisha kukimbia na kufanya mazoezi ya mbinu hujifunza mchezo nusu, na mwalimu humhesabu kama mtalii.

Ikiwa ratiba yako ni ya namna hiyo, usilazimishe timu ya jioni. Vipo vikundi vya mbio za pole, ambavyo watu wa mtaani huviita jogingi, vinavyokutana alfajiri hasa Jumamosi na Jumapili. Mgeni hudhani hivyo ni vikundi vya kukimbia tu. Aghalabu ni vikundi vya kuzikana na kuozana pia: kuna daftari, kuna mchango wa msiba, kuna sare, kuna safari za kuwatembelea wenzao wa mji mwingine. Mwanachuo anayeishi peke yake na asiye na ndugu mjini hupata huko watu wa kumjulia hali akiugua, jambo ambalo timu ya ligi si lazima impe. Lakini asiingie akidhani michango ni hiari, kwa maana atakayekwepa msiba wa mwenzake ataonekana haraka kuliko atakayekwepa mazoezi.

Wapenda kuogelea nao wana hesabu yao. Anayejifunza baharini, upande wa Raskazone au Sahare, hafuati saa ya ukutani bali maji kujaa na kupwa, na nyakati hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Leo maji yakijaa saa 10 jioni, wiki ijayo saa ileile utayakuta yamekupwa na utatembea juu ya matope na mawe. Kwa hiyo mwenye vipindi visivyobadilika atapata siku chache tu kwa mwezi zinazolingana na nafasi yake, na ni vyema akaulizia ratiba ya kikundi ya mwezi mzima kabla ya kulipa chochote. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, mkondo huwa na nguvu zaidi, na asiyejua kuogelea vizuri asiingie bila mwenyeji hata kama wenzake wanamcheka.

Mwezi wa Ramadhani upangwe peke yake. Katika mji wenye Waislamu wengi kama huu, klabu nyingi hupunguza mazoezi, huyasogeza karibu na futari, au huyahamishia usiku baada ya tarawehe pale penye taa. Mwanachuo asiyefunga anatakiwa kujua mabadiliko hayo mapema, asije akasimama kiwanjani peke yake saa 10 akidhani ametengwa.

Hatua ya tatu: kaa pembeni mara mbili

Kabla hujajitambulisha kwa yeyote, nenda ukaangalie mazoezi siku mbili tofauti, mojawapo isiwe siku ya mechi, kwa sababu mechi huvutia watu na kuficha mambo. Tanga ni mji wa baiskeli. Azima moja, zunguka viwanja viwili vitatu, ukae mahali ambapo hujulikani.

Usitazame nyota wa timu. Tazama mchezaji wa mwisho: yule asiye na namba, aliyevaa fulana isiyofanana na za wenzake. Je, mwalimu analijua jina lake? Anapokosea pasi, anaelekezwa au anatukanwa? Anapewa dakika ngapi katika mechi ya wao kwa wao? Katika mwezi wako wa kwanza wewe ndiye utakayekuwa mtu huyo, kwa hiyo unachokiona akitendewa ndicho utakachotendewa. Tazama pia maji yanatoka wapi, nani anabeba mipira baada ya mazoezi, na kama wanaanza kwa kupasha mwili au wanaingia moja kwa moja kwenye mpira. Nilipokuwa katibu, tulikuwa na mama mmoja aliyekuwa akituuzia machungwa ya Muheza ukingoni mwa kiwanja, na kila mzazi aliyekuja kuuliza habari za klabu nilimwelekeza kwake kwanza. Mama huyo aliona kila kitu: nani huja amelewa, nani huwapiga watoto makofi, nani hulipa deni lake. Muuzaji wa namna hiyo yupo karibu kila kiwanja. Nunua chungwa, uliza kwa adabu.

Kwa wanafunzi wa kike naongeza jambo moja, kwa kuwa nimeona wengi wakikaa pembeni kwa dhana isiyo sahihi. Kuvaa hijabu hakumzuii mtu kucheza: sheria za soka zilikwisha kuruhusu kufunika kichwa tangu mwaka 2014, na mpira wa kikapu wa kimataifa uliruhusu mwaka 2017. Kinachotakiwa ni kitambaa kinachobana kichwani bila pini wala kitu chenye ncha. Chunguza badala yake mahali pa kubadilishia nguo, saa ya kumaliza, na kama kuna mwanamke mtu mzima katika uongozi ambaye unaweza kumweleza jambo usiloweza kumwambia mwalimu wa kiume. Klabu isiyo na mtu wa namna hiyo, hata kama ina jezi nzuri, mimi nisingempeleka binti yangu.

Hatua ya nne: kujitambulisha na kujaribiwa

Fika mapema, mwalimu akiwa bado anapanga koni au anaongea na viongozi. Salamu hutangulia: "Shikamoo, mwalimu," hata kama hakupiti sana kwa umri, kwani kiwanjani cheo chake kinatosha. Kisha sema jina lako, unaposoma, mwaka wa ngapi, unacheza nafasi gani, na siku ambazo unaweza kufika. Hilo la mwisho ndilo wengi hulificha, na ni kosa.

Nilimsikia kijana mmoja akisema, "Mwalimu, mimi Jumanne na Alhamisi nina kipindi mpaka saa 11. Siku nyingine zote nipo." Mwalimu alikuna kidevu, akamjibu, "Karibu, mgosi. Bora wewe umesema. Hawa wengine wananiaga kwa simu mechi ikiwa imeanza." Kijana huyo alicheza misimu miwili, na siku zake mbili hazikumletea ugomvi na mtu.

Majaribio yenyewe yasikutishe. Mara nyingi hakuna siku rasmi. Utaambiwa uingie kwenye mechi ya ndani, na utapimwa kwa wiki moja au mbili bila kuambiwa kwamba unapimwa. Cheza nafasi unayoijua, piga pasi rahisi, usipige chenga ya tatu. Kama klabu ni ya netiboli au wavu, ambako kikosi uwanjani ni cha watu saba au sita tu, uliza mapema kuna wachezaji wangapi katika nafasi yako, kwa sababu mfungaji wa nne katika timu ya netiboli huenda akangoja muda mrefu kuliko kiungo wa nne wa soka.

Hatua ya tano: karatasi

Hapa nakuomba usome polepole. Nilikuwa mwaka wa pili, nimekuja nyumbani likizo, na klabu moja ambayo sitaitaja iliniomba picha mbili za pasipoti "za kumbukumbu". Nilizipeleka. Siku iliyofuata kiongozi wao alinisimamisha pembeni ya kiwanja, akatandika fomu juu ya kiti cha baiskeli, akanipa kalamu, na mimi nikasaini nikiwa nimesimama, jasho likidondokea karatasi. Sikusoma mstari hata mmoja. Niliporudi chuoni na timu ya mtaa niliokuwa nikiishi huko ikataka kunisajili kwa ligi ya wilaya, jina langu lilikuwa tayari limefungwa Tanga. Nilihitaji barua ya kuachiwa. Kila nilipopiga simu niliambiwa katibu amesafiri, muhuri uko kwa mwenyekiti, njoo wiki ijayo. Msimu uliisha nikiwa mtazamaji.

Sheria iko wazi, na haikunionea. Kwa kanuni za FIFA, ambazo vyama vya nchi huzifuata, mchezaji wa soka husajiliwa na klabu moja tu kwa wakati mmoja. Kwa msimu mmoja anaweza kusajiliwa na klabu zisizozidi tatu, lakini akacheza mechi rasmi za klabu mbili tu. Kwa hiyo fomu ya usajili wa chama cha mpira si kumbukumbu. Kabla ya kusaini, uliza maswali manne: hii ni fomu ya klabu au ya chama? Inanifunga kwa muda gani? Nikitaka kuondoka, barua inatolewa na nani? Naweza kupata nakala? Jibu la swali la nne likiwa hapana, rudisha kalamu. Wakikupa fomu, piga picha kila ukurasa kwa simu baada ya kusaini, tarehe ikionekana.

Michezo ya vyuo ina mlango wake. Mashindano ya vyuo vikuu nchini husimamiwa na TUSA, chama cha michezo cha vyuo vikuu Tanzania, na anayeruhusiwa kuichezea timu ya chuo ni mwanafunzi halali wa chuo hicho, hivyo kitambulisho cha chuo kisichokwisha muda na uthibitisho wa usajili wa mwaka husika huwa ndivyo vinavyoangaliwa. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu Huria aliye Tanga asijitoe mwenyewe kwa kudhani kwamba nafasi hiyo ni ya wakaao mabwenini. Aulizie kituoni kwake.

Na klabu yenyewe nayo ina karatasi zake. Chini ya Sheria ya Baraza la Michezo la Taifa, Na. 12 ya mwaka 1967, klabu za michezo zinatakiwa kusajiliwa, na klabu iliyosajiliwa huwa na katiba na cheti. Kuomba kuiona katiba si ukorofi. Ndani yake tafuta mahali panapoeleza ada, nidhamu na namna ya kujiondoa; hayo yanatosha. Ikiwa hawana, afisa michezo wa halmashauri ndiye wa kuuliza. Kikundi kisicho na cheti kinaweza kuwa kizuri sana kwa mazoezi, ila usikikabidhi fedha nyingi wala kusafiri nacho mbali.

Hatua ya sita: fedha

Ada yenyewe kwa kawaida si mzigo mkubwa; mzigo ni nauli, maji, na michango ya ghafla. Tuseme unalipa shilingi 600 kwenda na 600 kurudi, mara tatu kwa wiki: hiyo ni 3,600, na kwa muhula wa wiki 15 ni 54,000, kabla hujanunua njumu. Piga hesabu hiyo kabla bumu, yaani fedha ya mkopo wa wanafunzi, halijaingia. Lipa ada kwa mweka hazina, udai risiti au ujumbe wa simu unaotaja ni malipo ya nini, na usinunue viatu vipya hadi mwezi upite; mitumba ya Tanga ina njumu imara kwa anayejua kukagua soli.

Hatua ya saba: mwili

Mweleze mwalimu na nahodha kama una pumu, selimundu, kifafa au tatizo la moyo, hata kama unaona aibu, na dawa yako ya kuvuta iwe ndani ya begi kiwanjani, si nyumbani. Kadi ya bima nayo ikae humo humo. Kuanzia Desemba hadi Machi joto la pwani pamoja na unyevu wake humchosha hata mwenyeji, na aliyetoka nyanda za juu ajipe wiki mbili za kuzoea kabla ya kushindana mbio na mtu.

Kifundo cha mguu kikiteguka, tabia ya mtaani ni kukikanda kwa maji ya moto na kukichua usiku uleule. Usikubali. Kwa siku mbili za kwanza joto na kuchua huongeza uvimbe; tumia barafu iliyofungwa kitambaani kwa dakika 15 hadi 20, funga bandeji isiyobana mno, inua mguu, na ukishindwa kabisa kuukanyagia nenda hospitali ukapigwe picha. Aliyegongwa kichwa akaona kizunguzungu, akatapika au akasahau matokeo ya mechi asirudi uwanjani siku hiyo, hata kama timu imebakiwa na watu tisa.

Hatua ya nane: mitihani, na siku ya kuondoka

Mara tu ratiba ya mitihani inapotoka, mpelekee mwalimu nakala na umwambie utakosa wiki zipi. Sapu moja, yaani mtihani wa marudio, hula likizo ambayo ungeitumia kucheza, na aliyedisko, yaani aliyeondolewa chuoni kwa kufeli, hana tena timu ya chuo ya kuichezea. Walimu wengi wa mtaani hulielewa hili vizuri kuliko wanachuo wenyewe wanavyofikiri, lakini hulielewa likisemwa wiki tatu kabla, si asubuhi ya mechi.

Utakapomaliza masomo au kuhama, usipotee kimya. Fua jezi, ikunje, uipeleke mwenyewe kwa katibu pamoja na bukta na soksi ulizokabidhiwa, na umwombe aandike kwenye daftari kwamba amezipokea. Kama ulisajiliwa na chama, omba barua ya kuachiwa siku hiyohiyo, ungali umesimama mbele yake na muhuri uko mezani, kisha utoe nakala mbili kabla hujakata tiketi ya basi katika stendi ya Kange.